Duka Linauzwa, Sababu Safari

Tembea kutoka soko la Kilombero hadi Sakina huku ukisoma nguzo za umeme. Hutakosa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Duka linauzwa na vitu vyake vyote. Sababu: safari." Kwa karatasi hizo ungedhani nusu ya wafanyabiashara wa Arusha wanahamia Ulaya. Hakuna anayeandika kwamba kodi ya fremu inaisha wiki ijayo, au kwamba mkopo umemfika shingoni.

Mnunuzi naye si mtoto. Neno "safari" yeye analisoma "haraka", na mwenye haraka hana ubavu wa kubishana bei. Rafu zilizochomelewa kwa laki tano zinaondoka kwa laki moja, jokofu linapigwa teke na kuitwa bovu, na wateja wa miaka sita hawahesabiwi hata shilingi.

Ninayemwandikia hapa ana biashara ndogo, iwe duka, saluni, karakana, mgahawa au gari moja la utalii, na anafikiria kuiacha mwaka huu au ujao. Hana fedha ya kuchezea. Kutoka kwenye biashara kuna bei, kama ilivyokuwa kuingia, na milango ya kutokea haigharimu sawa.

Lakini kabla ya mlango, daftari.

Daftari la kaunta linauzwa bei ya sahani ya chipsi kuku, au pungufu. Kila jioni andika mambo manne: ulichouza, ulichonunua, ulichotumia kuendesha, na ulichochukua mwenyewe. Hilo la nne ndilo linalotushinda. Unga wa nyumbani, nauli ya mtoto na mchango wa harusi vyote vinatoka kwenye droo moja, halafu mwisho wa mwaka tunasema biashara haina faida. Faida ilikuwepo, ila imeliwa bila kuandikwa, na mnunuzi hawezi kulipia faida asiyoiona.

Daftari linalipa hata kabla hujauza. Chukua kioski cha mauzo ya milioni 9 kwa mwaka, yaani kama 25,000 kwa siku. Kwa mfumo wa kodi ya makadirio wa TRA, mtu wa mauzo kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, ambayo hapa ni 60,000. Jumla ni 150,000. Daftari la bei ya chipsi limekuokolea laki moja kwa mwaka. Sijui bidhaa nyingine mjini inayorudisha fedha hivyo.

Programu za simu za kutunza hesabu nazo zipo, na nyingi huanza bure. Zinajumlisha zenyewe, hazichoki. Tatizo ni kwamba bure huisha baada ya mwezi mmoja au miwili, na simu ikipotea kwenye hiace, hesabu zako zimepotea nayo kama hukuweka nakala. Nyingine zinakuletea matangazo ya mikopo kila ukifungua. Ukiitumia, bado piga picha ya jumla ya kila wiki na kuihifadhi kwingine.

Mhasibu wa mkataba ni chaguo la tatu. Kwa kioski ni anasa. Kwa mgahawa wenye wafanyakazi watano au gari la utalii lenye ankara za dola, ni lazima. Muulize mapema ada yake inahusu nini hasa: wengi wanataja bei ya kuandika vitabu tu, kisha kuwasilisha ritani ni bei nyingine, na kukusindikiza TRA ukiitwa ni bei ya tatu. Yaandikwe yote.

Mafunzo? SIDO huendesha kozi fupi za ujasiriamali, na pale Njiro kuna Chuo cha Uhasibu Arusha kwa anayetaka kusoma kwa undani. Usilipie cheti cha mwaka kama unachohitaji ni kujua kutofautisha mauzo na faida. Na zile semina za hotelini zenye chai, maandazi, picha ya pamoja na mhamasishaji wa kukufanya upige makofi, mimi siziwekei pesa. Ukirudi dukani, daftari bado ni jeupe.

Mkopo unaokutoa kwa nguvu

Wengi hawachagui siku ya kutoka, mkopo ndio huwachagulia. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha milango, linganisha mikopo.

Swali la kumwuliza mkopeshaji si riba ni asilimia ngapi peke yake. Muulize riba inakokotolewa juu ya nini. Tuseme unakopa 5,000,000 kwa miezi 12 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango ambacho Benki Kuu imekiweka kuwa dari kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Riba ikihesabiwa kwenye milioni 5 zote hadi mwezi wa mwisho, utalipa riba ya 2,100,000. Ikihesabiwa kwenye salio linalopungua kila unaporejesha, riba yote ni kama 1,209,000. Asilimia ile ile, tofauti ya karibu laki tisa. Karatasi zote mbili zimeandikwa "3.5%".

Juu yake weka ada ya fomu, ada ya usindikaji, bima ya mkopo na faini ya kuchelewa. Uliza kiasi utakachopokea mkononi, kisha uliza jumla utakayorudisha. Toa kimoja kwa kingine. Hiyo ndiyo bei ya mkopo, mengine ni maneno.

Mikopo ya kausha damu usiiguse, hata kwa wiki moja. Anayechukua kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri ameshachukua biashara, amebaki kukukabidhi taarifa. Mikopo ya kwenye simu iangalie kwa jicho hilo hilo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali.

Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, unaogawiwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hauna riba. Ulisitishwa Aprili 2023, ukarudi mwaka 2024. Kwa bei hakuna unaoushinda. Lakini unahitaji kikundi, unachukua muda, na ukitaka kutoka katikati, deni linawabakia wenzako. Mzuri kwa anayejenga, si kwa anayekaribia kuondoka.

Jambo moja kwa walioweka nyumba rehani, iwe Ngaramtoni, Usa River au Akheri: nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema hivyo. Na shamba la ukoo kwenye miteremko ya Meru, hata kama migomba uliipanda mwenyewe, usiliingize kwenye hesabu ya mtaji wako kabla hujakaa na ndugu.

Kufunga: mlango unaoonekana wa bure

Unashusha shata, unagawa vilivyobaki, unakwenda nyumbani. Kwa macho ni rahisi kuliko yote. Kwa hesabu, mara nyingi ni ghali kuliko yote, kwa sababu bili zinafuata nyuma.

Ya kwanza ni TRA. Usipowaandikia kwamba umefunga, kwao bado unafanya biashara, na makadirio yanaendelea kudaiwa kwa robo mwaka: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mtu anarudi baada ya miaka mitatu kuomba leseni mpya, anakuta deni la duka ambalo hata rafu zake hazipo tena. Barua ya kufunga haikugharimu chochote zaidi ya nauli. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Mashine ya EFD kama unayo, ishughulikiwe siku hiyo hiyo, maana imesajiliwa kwa jina lako.

Ya pili ni wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Anayelipwa kwa mwezi anastahili pia notisi ya siku 28. Dada aliyekaa kaunta miaka sita anadai siku 42, yaani karibu mwezi na nusu, pamoja na likizo ambazo hukumpa. Wenye maduka wengi huyasikia haya kwa mara ya kwanza wakiwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Kuna kodi ya fremu uliyolipa miezi sita mbele, ambayo mwenye nyumba mara chache huirudisha. Na kuna madeni ya wateja. Duka likishafungwa, anayedaiwa hubadilisha njia ya kupita. Anza kukusanya miezi mitatu kabla ya kusema neno lolote mtaani, na mali kauli kwa wateja ikome siku hiyo.

Funga tu kama mauzo yamekufa kweli. Kama duka bado lina wateja, lina mnunuzi.

Kumwuzia mgeni

Hapa bei ina vipande vitatu: bidhaa kwa bei ya kununulia, vifaa kwa bei ya mtumba, na kilemba. Viwili vya kwanza vinahesabika kwa saa mbili mbele ya mashahidi. Kilemba ndicho kinacholeta ugomvi, kwani ni bei ya eneo, jina na wateja.

Kilemba bila daftari ni hadithi. Mwenye daftari la miezi 24 anaweza kusema, "Duka hili linaniachia laki nne kwa mwezi, hizi hapa." Mimi nikiwa mnunuzi singelipa kilemba kinachozidi faida halisi ya miezi sita, labda miezi minane kama mkataba wa fremu una miaka mbele yake. Nikiwa muuzaji ningeanzia kumi.

Sasa makato. Dalali kwa mazoea huchukua kodi ya mwezi mmoja, wakati mwingine kwa pande zote mbili bila kila mmoja kujua. Mwenye nyumba hajakubali bado, na fremu ni yake: anaweza kusikia unauza, akapandisha kodi au akampa shemeji yake. Ongea naye kwanza. Mnunuzi naye ajue kwamba mkataba mpya wa pango unakuja na kodi ya zuio ya asilimia 10 na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kwa fremu ya 200,000 kwa mwezi, ni 240,000 na 24,000 kwa mwaka. Zuio kisheria linakatwa kwenye fedha ya mwenye nyumba, lakini mtaani anayelia nalo ni mpangaji, maana mwenye nyumba hataki kupungukiwa. Lizungumzwe kabla ya kusaini.

Msimu unabadilisha kila kitu hapa kwetu. Biashara inayogusa utalii, hata mama ntilie anayelisha madereva wa safari, inanoga Juni hadi Oktoba na kusinyaa masika ya Aprili na Mei. Muuzaji auze Agosti. Mnunuzi atake kuona hesabu za Mei. Na madalali wa sasa wameongeza wimbo mpya, AFCON ya 2027 na uwanja wa Olmoti. Uliza mechi zitachukua wiki ngapi, na kodi ya fremu utailipa miaka mingapi.

Kama unauza jengo au kiwanja pamoja na biashara, fungua kabati utafute risiti za saruji. Mtu binafsi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyopata kwenye mauzo ya ardhi na jengo. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya thamani yote. Umejenga banda la biashara kwa milioni 40, umeuza 50: mwenye risiti analipa milioni moja, asiye nazo milioni moja na nusu. Mfuko wa plastiki uliojaa risiti una thamani ya laki tano.

Kumwuzia aliye kaunta

Ukiniuliza mlango ninaoupenda kwa duka la mtaani, ni huu. Mfanyakazi wako anawajua wateja, anajua nani halipi, na hahitaji dalali. Hana fedha taslimu, kweli. Atalipa kidogo kidogo kutoka kwenye droo ile ile uliyokuwa unaitegemea, na mwezi mbaya ukija atakwambia, "Bosi, nivumilie."

Kwa hiyo bei yake iwe juu kidogo kuliko ya mgeni mwenye taslimu, na alipe angalau theluthi moja mwanzoni, hata kama ni kwa akiba ya kikoba. Mkataba uandikwe na wakili, useme vifaa vikubwa vinabaki vyako hadi malipo ya mwisho. Gharama ya wakili mgawane.

Kosa kubwa la mlango huu ni huruma: kumwachia aendelee na TIN yako na leseni yako "mpaka asimame". Akiuza bila risiti, faini ni yako. Akishindwa kulipa kodi, deni ni lako. Jina la biashara BRELA kusajili ni 20,000, na TIN ni bure. Kama hawezi kupata hivyo viwili, hayuko tayari kununua.

Kurithisha

Mlango huu watu huuacha wazi bila kupita, wakiamini watoto wataelewana. Duka lililosajiliwa kama jina la biashara halina nafsi yake kisheria, ni wewe. Ukifa, akaunti inasimama, fedha ya kwenye simu inasimama, na mke au mtoto anaanza safari ya Mahakama kutafuta usimamizi wa mirathi huku nyanya zinaoza. Mwenye bidhaa za kuharibika hupoteza mtaji kabla barua haijatoka.

Wosia ni kinga ya bei ndogo, na RITA huandika na kutunza wosia. Lakini usiuandike kitandani. Tajiri Reginald Mengi alikuwa mhasibu wa taaluma, mtu wa vitabu, na bado baada ya kifo chake mwaka 2019 wosia wake uliishia Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2021 iliukataa. Kama kwa mwenye mawakili imekuwa hivyo, karatasi yako ya daftari isiyo na shahidi itafika wapi?

Nafuu zaidi ni kumwingiza mtoto dukani sasa, kwa mshahara, umwone kama anaitaka kazi hiyo. Wengi hawaitaki. Ukilijua hilo leo, utauza ukiwa na nguvu.

Kuuza kipande

Huu ni mlango wa biashara iliyokua, na Arusha ina mfano wake mkubwa. Michael Shirima alianzisha Precision Air mwaka 1991 kwa ndege moja ndogo ya viti vitano ya kukodi, makao yakiwa hapa Arusha. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49. Mwaka 2011 hisa zikauzwa kwa wananchi kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa shilingi 475 kila moja, ingawa zilinunuliwa chache kuliko ilivyotarajiwa. Alipofariki mwaka 2023, shirika liliendelea kuruka. Aliuza kipande wakati biashara inakua, na kabla ya hapo vitabu vyake vilikuwa vya kukaguliwa na mtu asiyemjua.

Kwa mwenye magari mawili ya utalii, kipande kinahitaji kampuni. Ada ya BRELA hupanda kwa kadiri ya mtaji. Ukizidi milioni 5 jiandae kwa laki mbili na nusu na zaidi, kisha ritani ya kila mwaka 22,000 na faini ukisahau. Hizo ndogo. Kubwa ni kwamba kampuni haina makadirio: inalipa asilimia 30 ya faida na inahitaji hesabu zilizoandaliwa na mhasibu mwenye sifa, hata mwaka wa hasara. Na umiliki ukibadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu, sheria ya kodi ya mapato huihesabu kampuni kana kwamba imeuza mali zake zote. Uza asilimia 49 mwanzoni, uulize mshauri wa kodi kabla ya kuvuka 50.

Usifungue kampuni ili uuze mwezi ujao. Haikuongezei bei, inakuongezea ada.

Fedha ikishaingia

Wiki ya kwanza usinunue kitu, hasa bodaboda ya shemeji. Benki ni salama kwa kiasi: Bodi ya Bima ya Amana hulinda hadi milioni 7.5 kwa mteja katika kila benki, kwa hiyo zaidi ya hapo igawe benki mbili. Hatifungani ya serikali huanzia milioni moja na inalipa riba mara mbili kwa mwaka, ila ukitaka fedha mapema utaiuza kwa bei ya soko, ambayo huenda isiwe uliyonunulia. Mifuko ya uwekezaji ya pamoja inayosimamiwa na UTT AMIS inaruhusu kutoa ndani ya siku chache. Soma kama mfuko wako una tozo ya kutoka. Anayeahidi kurudisha mara mbili kwa miezi mitatu, mwachie wengine.

Kama una miezi mitatu tu, mpangilio wangu ni huu. Mwezi wa kwanza: daftari la kila siku, madeni yakusanywe, na deni la TRA lijulikane hadi shilingi ya mwisho. Wa pili: zungumza na mwenye nyumba, kisha na aliye kaunta, kabla ya dalali yeyote. Wa tatu: hesabu ya bidhaa mbele ya mashahidi, mkataba, barua ya TRA.

Na malipo yagawanye. Nusu siku ya kukabidhi funguo, nusu siku mnunuzi anapopata mkataba wake kutoka kwa mwenye nyumba. Asiyekubali hivyo, iwe ni muuzaji au mnunuzi, kuna jambo kuhusu ile fremu analijua na hajakwambia.